Kazi ya Mzee Kosa

Kila Ijumaa baada ya swala, mjini Tanta, katika senta ya masomo ya ziada iliyo juu ya duka la halua, mwanamume mwenye upara na magoti mabovu alivaa sweta ya shule, akaketi safu ya tatu katikati ya watoto wa watu, akangoja kuitwa mjinga.

Jina lake lilikuwa Shauki Abdulghaffar. Wanafunzi hawakulijua wala hawakujali kulijua. Walimwita Mzee Kosa, na walimpenda jinsi watu wanavyompenda tumbili wa sokoni, yaani huku wakimtupia maganda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ustadh Wagdi Sarhan, ambaye sura yake ilibandikwa kwenye kila ukuta wa mji ule chini ya maneno "Firauni wa Kiingereza", alipanda jukwaani na kipaza sauti mdomoni kama mwimbaji wa harusi. Alitaja maneno mawili ambayo watoto wetu huyachanganya: la kuazima na la kuazimisha, la kuinuka na la kuinua, la kuishinda timu na la kuishinda mechi. Kisha akanyoosha mkono hewani na kupiga kelele, "Tumuulize nani?"

"Kosa! Kosa! Kosa!" ukumbi mzima uliitikia, wavulana wakigonga madawati.

Shauki alisimama, akajikuna upara, akajibu upumbavu. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mtoto hasahau alichokicheka: elimu yote ya Wagdi ilikuwa ni hiyo, na Mungu anisamehe, ilifanya kazi. Mwanafunzi akiingia kwenye mtihani alikumbuka alichosema Kosa, akaandika kinyume chake, akapata alama.

Mchezo waliokuwa wakiudai zaidi ulikuwa ule wa karatasi. Sisi herufi ile ya P tumenyimwa na lugha yetu ya Kiarabu, tunaitamka kama B, na wazungu wanatucheka. Basi Wagdi alimpa Shauki karatasi laini ya kupengea kamasi, akamwamuru aishike mbele ya midomo na kusema "Paris". Ukiitamka vizuri, pumzi inairusha karatasi. Shauki alisema "Baris", na karatasi ikaning'inia kama ulimi wa mbwa. "Baris! Baris!" alirudia, macho yamemtoka, na watoto walilia machozi kwa kucheka. Karatasi ile alitembea nayo mfukoni siku zote, kama fundi na koleo lake.

Msidhani hakujua. Yeye na Wagdi walisoma kitivo kimoja, wakamaliza mwaka mmoja. Wagdi alikuwa na mjomba na sauti. Shauki hakuwa na kimojawapo. Akapangiwa shule ya serikali, akafundisha darasa lenye watoto wengi kuliko madirisha, mpaka ulipofika wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawaji shuleni kabisa. Waje kufanya nini? Mwalimu wao wa Kemia yuko senta, mwalimu wao wa Fizikia yuko senta, na mwalimu mkuu ana hisa kwenye senta. Kila waziri anayeingia anaapa kwenye televisheni kwamba atazifunga senta zote, na sisi tunaomsikiliza tumeshalipia kiti cha mwezi ujao. Hayo nayaandika ili siku moja mtu asije akasema hatukujua.

Wagdi ndiye aliyemfuata. "Shauki, ndugu yangu, nisaidie Ijumaa moja tu. Kaa na watoto, simama, kosea. Basi." Ijumaa moja ikazaa nyingine, na upara ukaja, na sweta ikabadilishwa kwa kubwa zaidi.

Nyumba yake ilikuwa Qutur, mbali kidogo na Tanta, na umbali huo ulikuwa ndiyo sitara yake. Mkewe Inshirah alijua. Binti yao Yumna hakujua. Alichoambiwa ni kwamba baba ni msaidizi wa Ustadh Wagdi, na neno msaidizi ni pana, linabeba mengi.

Na Yumna ndiye aliyekuwa mali yake yote. Tangu mtoto anaanza kuota meno ya pili, Shauki alimfundisha Kiingereza kwenye meza ya jikoni, kati ya sufuria ya mboga ya mulukhiya na kapu la vitunguu. Hapo hakuwa Kosa wa mtu. Hapo alikuwa baba anayejua. Binti akimwuliza neno, alimtazama mdomoni kama anayesubiri maji yatoke bombani, na Shauki aliishi wiki nzima kwa mtazamo huo. Maneno mengine alimfundisha kwa mambo ya nyumbani. Kwa mfano rob na steal, ambayo yote mawili ni kuiba tu kwetu. Bibi yake Yumna alifuga bata bukini juu ya paa, na mwaka mmoja mwizi alipanda akawabeba. "Sikiliza," Shauki alimwambia. "Steal ni ya bata. Rob ni ya bibi. Bata ndiye aliyechukuliwa. Bibi yako amebaki pale pale, analaani."

"Ingekuwa bibi ndiye aliyechukuliwa," Yumna alisema, "mwizi angemrudisha kabla ya alfajiri." Wakacheka mpaka Inshirah akawafukuza jikoni.

Kisha Yumna akaingia mwaka wa mwisho, ule mwaka unaoamua kama mtu atakuwa daktari au atakuwa kama sisi.

"Anakwenda kwa Wagdi," alisema Inshirah.

"Nitamfundisha mwenyewe."

"Baba Yumna, tusidanganyane. Wewe unamfundisha Kiingereza cha Waingereza. Mtoto anataka Kiingereza cha mtihani. Wenzake wote wako kwa Wagdi. Akikosa udaktari kwa sababu ya aibu yako, utamtazama vipi?"

Shauki alivaa viatu. Akaenda kwa Wagdi ofisini, akakuta anapakwa poda kwa ajili ya kupigwa picha ya bango jipya.

"Ustadh, nina ombi. Binti yangu aje kundi la Jumatatu. Kule ambako mimi sipo."

Wagdi alicheka, poda ikaruka. "Unamwonea haya mwanao? Kosa ni nyota, bwana! Kuna watoto wanalipa kwa ajili yako, si kwa ajili yangu." Halafu akaona uso wa mwenzake, akasimama, akambusu bega. "Haya, haya. Jumatatu. Na kiti ni bure. Binti yako ni binti yangu. Hutaki ajue? Hatajua."

Nataka mkumbuke lile busu la begani.

Miezi ilipita vizuri. Lakini sifa za Kosa zilivuka kutoka kundi la Ijumaa hadi la Jumatatu, kama zinavyovuka sifa za kila kinachochekesha. Asubuhi moja Yumna aliketi kwenye maharage ya ful na mayai, akachukua karatasi laini kutoka kwenye boksi, akaishika mbele ya midomo.

"Baris!" alisema, akitoa macho. "Baris! Mama, umeona? Yuko mzee kwenye kundi la Ijumaa, Nuran wa kundi letu amenihadithia, nimecheka nusura nife. Eti ana upara na sweta ya shule! Baba, wewe uko pale pale, lazima unamjua."

Inshirah aliinuka akaenda kwenye jiko ambalo halikuwa na kitu.

"Namwona," alisema Shauki.

"Ni punguani kweli au anajifanya?"

"Anajifanya."

"Wee!" Yumna aliweka karatasi chini. "Basi hiyo ni mbaya zaidi. Punguani ana udhuru. Mtu mzima na akili zake anakubalije? Hana watoto?"

Shauki alichovya mkate, akautia mdomoni, akautafuna muda mrefu kuliko mkate ule ulivyostahili.

Ukaja wakati wa marudio ya mwisho kabla ya mtihani. Hayo hayafanyiwi senta. Wagdi hukodi ukumbi wa harusi kando ya reli, makundi yote yanakusanywa pamoja, Ijumaa na Jumatatu na ya vijijini, wasichana upande huu, wavulana upande ule, na taa za bibi harusi zinamulika orodha za vitenzi. Shauki alikwenda tena ofisini. Safari hii alisema anaumwa.

"Unaumwa wapi?" aliuliza Wagdi.

"Magoti."

"Kosa hahitaji magoti." Wagdi hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Nje kuna bango. Limeandikwa 'Firauni pamoja na Mzee Kosa mwenyewe'. Usipokuja wewe, na yule binti asije. Na jina lake nalifuta kwenye kundi la maswali ya mwisho, yale ninayowatumia wangu tu. Fikiria, Shauki. Wewe ni baba."

Alifikiria. Siku ile asubuhi, Yumna alipokuwa akifunga hijabu mbele ya kioo cha mlangoni, Shauki alisimama nyuma yake na maneno yote yamepangwa mdomoni. "Yumna, mwanangu. Pale ukumbini leo..."

"Baba, nachelewa. Nuran ananiwekea kiti cha mbele." Alimbusu upesi shavuni. "Leo nitamwona Kosa wako kwa macho yangu!"

Akashuka ngazi. Na maneno ya baba yakabaki mdomoni, yakachacha.

Lakini njiani kuelekea ukumbini kitu kilimjia Shauki ambacho hakikuwahi kumjia katika Ijumaa zote zile. Aliwaza: nani amesema lazima nikosee? Mdomo ni wangu. Binti yangu ataniona, sawa, ataona sweta, ataona upara. Lakini nikiitwa, nitajibu sawasawa. Atajua kwamba baba yake ndiye yule yule wa meza ya jikoni. Akaingia ukumbini na wazo hilo kifuani, moyo ukimdunda kama wa kijana anayekwenda kuposa.

Aliketi safu ya tatu, upande wa wavulana. Walimpigapiga upara, walimvuta sweta. "Kosa, leo utatuua!" "Kosa, nipe baraka zako za sifuri!" Alimtafuta Yumna kwa macho na kumwona mbele kabisa, upande wa wasichana, karibu na jukwaa. Alikuwa bado hajageuka.

Wagdi aliingia kwa moshi na ngoma za harusi. Alipiga vitenzi, alipiga nyakati, alipiga majina yasiyohesabika, na jasho likamtoka kama mkulima, sijui la nini. Kisha kwenye kitambaa cheupe nyuma yake ikatokea sentensi ya Kiingereza yenye pengo. Mwizi, pengo, bibi yangu. Chini yake maneno mawili ya kuchagua: robbed, stole.

Shauki aliyatazama maneno yale akaona kama Mungu amemtumia.

"Tumuulize nani?"

"Kosa! Kosa! Kosa!"

Alisimama. Na hapo ndipo wasichana wote walipogeuka, na Yumna akageuka pamoja nao, kicheko kimeshamjaa mdomoni tayari. Shauki alikiona kile kicheko kikifa. Hakikufa mara moja. Kilibaki pale midomoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, wakati macho yameshajua.

Hakujikuna upara. Alisimama wima, akasema kwa sauti ya darasani, "Robbed."

Ukumbi ukaanguka. Walicheka kabla hajamaliza neno, kama walivyofundishwa. Wavulana waligonga viti, mmoja alijitupa sakafuni. Shauki aliinua mkono. "Robbed," alirudia. "Bibi anaporwa. Kinachoibwa ni kitu." Wakacheka zaidi, maana sura ile ya utaratibu hawakuwahi kuiona, wakadhani ni mchezo mpya. "Eti anafafanua!" mtu alipiga kelele. "Profesa Kosa!"

Ukimwondoa Yumna, katika watu wote wale mtu mmoja tu alielewa kilichotokea, naye alikuwa jukwaani. Wagdi alimtazama Shauki, akatabasamu polepole. Kwake yeye mfanyakazi alikuwa amevunja chombo cha kazi mbele ya wateja.

"Haya," alisema. "Nani atamsahihisha mzee wetu? Wewe, binti wa mbele. Yumna. Simama, mwanangu."

Yumna akasimama. Kipaza sauti kikaletwa.

Alijua. Msimtetee kwa kusema hakujua. Alijua tangu meno ya pili: rob ni ya bibi, steal ni ya bata. Mzee yule wa safu ya tatu alikuwa akimtazama mdomoni, kama yeye alivyokuwa akimtazama miaka yote, akingoja. Alichotakiwa kusema ni neno moja: amepatia. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umeshacheka, na Nuran alikuwa bado anajipangusa machozi, na kusema Kosa amepatia ilikuwa ni kwenda kuketi kando ya Kosa.

"Stole," alisema Yumna.

Makofi yakalipuka. Yumna akaketi, akatazama magoti yake.

"Subirini," alisema Wagdi kwa upole, na nilipokwambieni mkumbuke lile busu, nilikuwa nangoja hapa. "Simama tena, mwanangu. Mwizi kamwiba bibi? Kambeba? Kampitisha dirishani? Na bibi kakubali tu, hakupiga kelele?" Kicheko kikaanza upya, lakini sasa kilibadili upande, kama upepo unaogeuza moshi. "Leo Kosa amesema kweli, jamani. Ni robbed! Aliyekosea ni huyu. Na mnajua kwa nini?" Alinyamaza. Huyu mtu alijua kunyamaza kuliko kusema. "Kwa sababu ni damu! Jamani, pigieni makofi binti wa Mzee Kosa!"

"Binti Kosa!" mvulana mmoja wa nyuma alidaka, na mara wote wakadaka. "Binti Kosa! Binti Kosa!" Madawati hayakuwapo, wakagonga sakafu kwa viatu. Nuran aliyemwekea kiti alisogea, si sana, lakini alisogea. Yumna alisimama na kipaza sauti mkononi, hajui akiweke wapi, na pumzi yake ilisikika ukumbi mzima, nzito, ya mtu anayezuia kilio.

Tunavyojua, jina likishashikwa senta halitoki. Linakufuata chuo kikuu, linakufuata kwenye posa. Shauki alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

Akatoka kwenye safu yake. Akapanda jukwaani na magoti yake mabovu, akamnyang'anya Wagdi kijiti alichokuwa akionyeshea maneno, akapayuka, "Waongo! Bibi ameibwa! Mimi ndiye niliyemwiba!" Akainama, akajitwika bibi asiyekuwapo mgongoni, akaanza kukimbia huku na huku mbele ya lile pazia la harusi, akichechemea, akimbembeleza bibi anyamaze. "Nyamaza, bibi, bolisi wanakuja! Bolisi! Bolisi!" Akachomoa karatasi, akaishika mbele ya midomo. "Bolisi!" Karatasi ikaning'inia. Akaanguka, bibi akamwangukia, akampigia bibi magoti, bibi akamzaba kofi, akajizaba kofi mwenyewe, kofi la kweli, likasikika.

Hawakuwahi kucheka vile. Watoto walikamatana, walikosa hewa, walipanda juu ya viti kumwona vizuri. "Kosa! Kosa! Kosa!" Na lile jina jingine lilizama ndani ya hili, likapotea. Alipojizaba kofi la pili alichungulia upande wa wasichana. Hakuna aliyekuwa akimtazama Yumna tena. Akajizaba la tatu kwa usalama.

Wagdi alimkumbatia jukwaani, mashavu yao yote mawili yamelowa. "Hii ndiyo siku yako kubwa, mwanaharamu wee," alimnong'oneza sikioni, nje ya kipaza sauti, kwa mapenzi ya kweli. "Mwaka ujao tunaanza na bibi."

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Alimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na ukuta wa reli, penye mabango ya Firauni yaliyobandikwa moja juu ya jingine mpaka ukuta umenenepa. Alikuwa ameinamia ukuta, kamasi na machozi vinamtoka, hijabu imelegea.

"Yumna," alisema Shauki. Alikuwa bado anahema. Shavu moja lilikuwa jekundu. "Hawatakuita tena vile. Nimewasahaulisha. Umewasikia? Wameshasahau."

Yumna hakugeuka.

"Na neno ulilijua," alisema baba. "Najua ulilijua. Si kosa lako, mwanangu."

Ndipo akageuka. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda na sweta ya shule, akafika kwenye upara uliolowa, na popote jicho lake lilipopita Shauki alihisi kitu kinatolewa na hakirudishwi.

"Kazi yako ni moja tu," alisema Yumna. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeuliza jambo ambalo kweli anataka kulielewa. "Kukosea. Umekosea mbele ya watu wote miaka yote hii, kila Ijumaa, unalipwa. Mimi nimekuja siku moja. Siku moja tu, baba. Kwa nini leo hukukosea?"

Treni ya kwenda Iskandaria ilipita. Ilipokwisha kupita, kamasi ilikuwa imemfika binti mdomoni. Shauki aliingiza mkono mfukoni, akatoa alichokuwa nacho. Ilikuwa ile karatasi. Akamnyooshea.

Yumna aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akajifuta kwa mkono wa nguo yake, akatangulia kwenda kituoni.